Darasa lina watu 600, wanaoongea ni wale sita wa mbele

SWALI: Mkuu habari za kazi. Semista hii nimepewa kozi ya DS (Development Studies, masomo ya maendeleo), ukumbi una watu kama 600, wengine wanakaa kwenye ngazi na maiki yenyewe inakatakata. Nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia ndiooo, testi ikija majanga matupu. Nikijaribu vikundi inakuwa soko. Nifanyaje?
Mhadhiri msaidizi, Dodoma

JIBU: Pole mwalimu. Hilo "mmeelewa" achana nalo, nani atasema hajaelewa mbele ya watu 600?

Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, aliona wanafunzi wake wanakokotoa vizuri tu ila ukiwagusa kwenye wazo lenyewe wanachemka, basi mwaka 1991 akaanza mtindo ambao hata maiki ikifa unakwenda. Fundisha kidogo, weka swali moja la kuchagua, kila mtu afikirie kimya halafu apige kura. Simu sio lazima, bando la nani? Wanyooshe vidole kifuani, kimoja ni A, viwili B, ili jirani asidese, na wewe huhesabu, unatupa jicho tu. Wakigawanyika nusu kwa nusu hapo ndo patamu, usitoe jibu! Kila mtu ambane jirani mwenye jibu tofauti amweleze kwanini, dakika mbili tatu, kisha kura tena ndo ueleze. Karibu wote wakipatia songa mbele, karibu wote wakikosa fundisha upya maana watapotoshana tu.

Vikundi havihitajiki, watu wako palepale walipokaa. Kelele zitakuwepo, ziache, ila kubaliana na CR, yaani kiongozi wa darasa, azime taa ukitaka kimya.

Kazi kubwa iko kwenye swali. Usiulize maana ya maendeleo, hiyo wanayo kwenye madesa. Uliza hivi: pato la wastani kwa kila mtu limepanda, je masikini wana hela zaidi? A ndio lazima, B hapana, wamezidi kufukarika, C huwezi kujua kwa hiyo taarifa pekee. Kuna watakaoapa ni A, waache wabishane.

Kuna watakaolalamika kwamba hufundishi. Utafiti uliotoka 2019 hapohapo Harvard ulikuta wanafunzi wa madarasa ya namna hii wanafaulu zaidi huku wenyewe wanahisi wamejifunza kidogo, kwahiyo waambie mapema wiki ya kwanza. Na UE yako, yaani mtihani wa mwisho wa semista, iwe na maswali ya aina hiyohiyo, ukirudi kwenye "taja na eleza" watarudi kukariri madesa na vidole hawatanyoosha tena.