Maswali ya Wasomaji: Programu ya Podikasti Itakayokufuata Kutoka Simu Hadi Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Kila asubuhi hupanda daladala kwa muda wa dakika 40 nikisikiliza podikasti katika simu yangu ya Android, na nifikapo ofisini, kabla ya kipindi cha kwanza, hupenda kuendelea katika kompyuta ya Windows pale pale nilipoachia. Programu niliyoizoea ilifungwa na wenyewe, na orodha yangu ya podikasti zaidi ya 30 ikapotea pamoja nayo. Nichague programu ipi sasa, ambayo haitanimalizia bando wala kunidai malipo ya kila mwezi?

JIBU: Mwalimu, pole kwa orodha yako. Kabla sijataja jina la programu yoyote, nikueleze kwanza ni kitu gani hasa ulichopoteza, kwa sababu hapo ndipo ulipo msingi wa kuchagua vizuri safari hii.

Podikasti haikai ndani ya programu unayosikilizia. Sauti yenyewe ni faili, mara nyingi ya MP3, iliyowekwa katika seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, ambayo mwenye podikasti amejichagulia. Kando ya faili hizo kuna waraka mdogo uitwao mlisho wa RSS, ambao huorodhesha vipindi vyote na kuonyesha kila kimoja kinapatikana wapi. Kazi ya programu ni kuupitia mlisho huo kila baada ya muda, kukujulisha kuwa kipindi kipya kimetoka, kisha kukupakulia na kukichezesha. Kwa hiyo ulichopoteza ni daftari la anwani tu. Podikasti zenyewe bado ziko zilipokuwa, na yeyote mwenye anwani zake anaweza kuzifikia.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu programu hizi hufungwa, hata zile za kampuni kubwa. Google Podcasts ilizinduliwa mwaka 2018 na kufungwa mwaka 2024, na watumiaji wake wakaelekezwa kuhamia YouTube Music. Stitcher, iliyoanza mwaka 2008, ilizimwa Agosti 2023. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa programu yoyote si kama ni nzuri machoni, bali kama ina mlango wa kutokea. Mlango huo ni faili iitwayo OPML, ambamo huandikwa anwani za milisho yako yote, nayo ni ndogo kiasi cha kuweza kujitumia mwenyewe kwa barua pepe. Programu inayokuruhusu kuitoa na kuiingiza faili hiyo haiwezi kukuteka, kwani siku itakapofungwa utahamia kwingine kwa dakika chache.

Liko hata hivyo jambo moja ambalo OPML hailibebi, nalo ndilo unalolitaka wewe: kumbukumbu ya dakika uliyoishia. Mlisho haujui kwamba ulikatiza kipindi katika dakika ya 23 ulipokuwa ukishuka kituoni. Kumbukumbu hiyo hutunzwa na huduma ya programu yenyewe kupitia akaunti yako, na ndiyo sababu huwezi kusikilizia programu moja kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta, kisha ukatarajia zielewane. Unahitaji huduma moja inayofika pande zote mbili, na hitaji hilo peke yake linapunguza sana idadi ya programu za kuchagua.

Kwa hali yako ningeanza na Pocket Casts. Iko kwa Android na kwa iPhone, inatoa na kuingiza OPML, na tangu mwaka 2025 kichezeshi chake cha kwenye kivinjari kimefunguliwa hata kwa wasiolipa. Hutahitaji kusakinisha chochote katika kompyuta ya shule, jambo ambalo huenda hata huruhusiwi. Unafungua kivinjari, unaingia kwa akaunti ile ile ya kwenye simu, na kipindi kinakusubiri pale ulipokiacha. Inamilikiwa na Automattic, kampuni iliyo nyuma ya huduma ya kutengeneza tovuti ya WordPress.com, iliyoinunua mwaka 2021. Mwaka uliofuata msimbo wa programu zake za simu, yaani maandishi ya ndani yanayoziendesha, uliwekwa wazi kwa umma. Lipo toleo la kulipia, lakini linahusu nyongeza kama vile kupanga podikasti katika mafolda, na mtu mwenye podikasti 30 anaweza kuishi bila hayo. Upungufu wake kwako ni mmoja: kichezeshi cha kwenye kivinjari kinahitaji intaneti wakati wote unaposikiliza, kwa hiyo kama kompyuta yako nayo inategemea bando la simu, gharama haijakwepeka.

Mimi binafsi hutumia AntennaPod, na nakiri kwamba naipendelea. Ni ya bure kabisa, haina matangazo yake yenyewe, haidai akaunti, na hutengenezwa na watu wa kujitolea ambao msimbo wao uko wazi kwa kila mtu. Tatizo ni kwamba iko kwa Android tu. Inaweza kuunganishwa na huduma ya gpodder.net ili orodha yako ionekane pia katika programu ya kompyuta iitwayo gPodder, lakini huduma hiyo hulemewa mara kwa mara, na sitamshauri mwalimu mwenye dakika kumi kabla ya kengele ahangaike nayo. Ungekuwa unasikiliza kwenye simu peke yake, nisingekutajia nyingine.

Utaulizwa na wenzako kwa nini usitumie Spotify, ambayo imefika Tanzania, Kenya na Uganda tangu mwaka 2021, inafanya kazi kwenye simu na kompyuta, na inakumbuka ulipoishia. Kwa mtu ambaye tayari anasikilizia muziki humo, ni njia rahisi. Kwako wewe uliyekwisha kuumwa mara moja, kumbuka kwamba haikuruhusu kuongeza podikasti kwa anwani ya mlisho wala haikupi OPML. Podikasti ambayo mwenyewe hakuiweka humo hutaipata, na siku ukiamua kuondoka utaanza kunakili majina moja baada ya jingine kwa kalamu.

Sasa bando. Kipindi kilichorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, ambacho ni cha kawaida, hutumia takriban megabaiti 58 kwa saa. Kwa kiwango cha kilobiti 64, kinachotosha kabisa kwa mazungumzo yasiyo na muziki, ni nusu ya hapo. Dakika zako 40 za daladala kwa siku tano za juma ni dakika 200, yaani karibu megabaiti 190 kwa kiwango cha juu. Ukizisikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni, hizo zote zinatoka kwenye bando lako. Ingia basi katika mipangilio, uamuru programu ipakue vipindi pale tu simu inapokuwa kwenye Wi-Fi, na uweke kikomo cha vipindi vya kutunzwa, viwili au vitatu kwa kila podikasti, la sivyo nafasi ya simu itajaa bila wewe kujua. Wako wanaodhani kwamba kuongeza kasi ya usikilizaji kunapunguza matumizi ya data. Sivyo, kwani faili ni ile ile, isipokuwa unaimaliza mapema na kutamani nyingine.

Ukishairudisha orodha yako, itoe kwa OPML siku hiyo hiyo, ujitumie kwa barua pepe, na ufanye hivyo tena kila unapoongeza podikasti kadhaa.

SWALI: Mimi ni Mtanzania niishiye Muscat. Natumia iPhone, lakini kompyuta ya kazini ni ya Windows. Je, nibaki na Apple Podcasts iliyokuja na simu, au niiache?

JIBU: Baki nayo, ndugu yangu, kama huna mpango wa kuhamia Android. Tangu Agosti 2024 Apple Podcasts inafunguka katika kivinjari cha kompyuta yoyote, na ukiingia kwa akaunti yako ya Apple utaikuta maktaba yako. Ukipata muda, ijaribu pia Overcast, ambayo ni ya iPhone na ina ukurasa wake wa kusikilizia kwenye kivinjari. Sifa yake ni uwezo wa kufupisha vile vituo vya kimya katikati ya maneno bila kuharibu sauti ya msemaji, na kwa wanaosikiliza wazungumzaji wapenda kutafakari, dakika zinazookolewa si chache.

SWALI: Kila ninapozima kioo cha simu yangu ya Android, podikasti husikika kwa dakika chache kisha hukatika. Nimebadilisha programu tatu bila mafanikio. Nifanye nini?

JIBU: Acha kubadilisha programu, maana kosa haliko huko. Watengenezaji kadhaa wa simu za Android huweka mfumo mkali wa kuokoa betri, ambao huua programu yoyote inayoendelea kufanya kazi kioo kikiwa kimezimwa, hata kama mwenye simu anaisikiliza. Fungua mipangilio ya simu, uende sehemu ya programu, uchague ile unayosikilizia, kisha katika kipengele cha betri uiruhusu itumie chaji bila kizuizi. Katika baadhi ya simu kuna programu ya ziada ya kusafisha kumbukumbu iliyowekwa na kiwanda, nayo ina orodha yake ya zinazolindwa. Usipoiongeza programu yako ya podikasti humo pia, itaendelea kukatika hata baada ya kurekebisha hapo kwanza. Zima kioo, uweke simu mfukoni, na usikilize kwa robo saa kabla ya kuamua kwamba imepona.