Kitabu chetu hakifungi, kikifungwa hakifunguki

SWALI: Habari za kazi, fundi. Tuko wanane hapa Moshi, wapenzi wa Star Trek. Tumeandika hadithi zetu kwa Kiswahili tukiwatumia wahusika wa tamthilia ile, zikafika kurasa 184 za A5. Tunataka nakala 40 za kugawana wenyewe. Steshenari walikunja A4 na kupiga pini katikati. Kikatoka kama andazi, kurasa za ndani zimechomoza. Tukajaribu gundi mgongoni: kigumu kufunguka, ukilazimisha karatasi zinachomoka. Kosa liko wapi?

JIBU: Nzuri, wadogo zangu. La pini ni jepesi. Kurasa 184 ni karatasi 46 za A4 zilizokunjwa. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo ile ya ndani kabisa inasukumwa nje karibu milimita 4 na nusu. Pini ni za vitabu vyembamba, kama vile vya ibada ya harusi. Msirudi huko.

La gundi ndilo linalowatesa hata wenye mashine kubwa. Karatasi ina nyuzi kama ubao. Chukua A4 uichane kwa mkono kutoka juu kwenda chini: inakwenda karibu sawasawa. Sasa ichane kwa upana: inakata kona, inaacha meno. Maana yake nyuzi zimelala kwa urefu, na A4 nyingi za madukani ndivyo zilivyo. Ukiikata nusu kupata A5, nyuzi zinaugonga mgongo wa kitabu badala ya kwenda sambamba nao. Kila ukurasa unakuwa kama rula, unapigana na gundi kila ukifunguliwa. Mwisho gundi inasalimu amri.

Kwa hiyo nunueni A3, na mchane moja pale pale dukani kabla ya kulipa. Ikichanika vizuri kwa urefu, chukueni: ukiikata vipande vinne, nyuzi za kila A5 zinasimama sambamba na mgongo. Mpangilio usiwaumize kichwa. Wekeni ukurasa wa 1 mara nne upande wa mbele, wa 2 mara nne nyuma, hivyo hivyo hadi 184. Rundo la karatasi 92 likikatwa linatoa vitabu vinne vilivyokwisha kupangika. Mara kumi ni karatasi 920. Rimu mbili zinatosha, na 80 za kuharibu zinabaki. Mtaharibu tu.

Upande wa mgongoni acheni milimita 20 bila maandishi. Bananisheni rundo kati ya mbao mbili, sugueni mgongo kwa msasa mpaka uote manyoya, kisha uchanjeni kwa msumeno mistari ya kina cha milimita 2 hivi, gundi ipate pa kushika. Mgongo laini kama kioo haushiki kitu. Gundi nyeupe ya maseremala inafaa; pakeni mara mbili, mkiacha ya kwanza ikauke.

Jalada nalo halitoshi kwenye A4. Mgongo wenu ni kama milimita 10, ukijumlisha 148 mara mbili unapata 306, na A4 ina 297 tu. Lichapwe kwenye A3.

Kuhusu wahusika: wana wenyewe. Mashabiki wa Marekani wanachapa majarida ya namna hii tangu 1967, mwaka mmoja baada ya tamthilia kuanza. Enzi hizo saiklostaili ndiyo ilikuwa mashine yao, kama iliyotuchapia sisi mitihani shuleni. Lakini desturi si kibali, na hapa kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mimi nisingebandika bei.

Tengenezeni kwanza vinne. Kimoja kilale wazi mezani usiku kucha, asubuhi kishikeni ukurasa mmoja mkitikise. Kisipochomoka, endeleeni na 36 vilivyobaki.