Joto katika hema la kuvulia samaki kwenye barafu
Je, hema la vitambaa viwili, la kukaa ndani yake ukivua samaki juu ya ziwa lililoganda, lina joto zaidi kuliko la kitambaa kimoja? Ndiyo, hema la vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja na ujazo laini katikati huhifadhi joto vizuri kuliko la kitambaa kimoja, kwa sababu hewa iliyonaswa humo huzuia joto lisitoroke upesi, na hita ndogo ya gesi huwawezesha wavuvi wa jimbo la Minnesota, Marekani, kukaa bila makoti mazito hata kukiwa na baridi kali nje. Faida nyingine, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba mvuke wa pumzi haugandi sana kwenye paa na kuwadondokea shingoni. Hata hivyo, hema lenyewe halizalishi joto, na miguu hubaki juu ya barafu, hivyo tandika mkeka wa sponji. Matundu ya hewa yasizibwe kamwe, kwani monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayoweza kutoka kwenye hita, haina harufu, nayo huua.