Pikapu ikizima njiani, usikimbilie pampu

Mdogo wangu unayeanza gereji, pikapu za zamani ndizo zitakazokulisha hapa Dodoma. Toyota Hilux za dizeli, zenye injini aina ya 2L, 3L na 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), zinapeleka mahindi Kibaigwa, zinabeba mchanga, mbuzi na madumu ya maji, na wenyewe hawazileti kwetu mpaka zigome kabisa.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini ilipoletwa Hilux ya 3L. Dereva akasema inatoka mjini vizuri na mzigo wake, ikikaribia Chamwino nguvu zinaisha, inazima. Akipumzika dakika kumi inawaka na kuondoka kama haijawahi kuumwa. Mimi nikasema ni pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye injini. Nikaishusha, ikaenda kwa mafundi pampu, mwenye gari akalipa, nikaifunga. Ikazima palepale.

Fundi mkuu hakunigombeza. Alichomoa bomba la dizeli kwenye tangi, akaunga mpira, akautumbukiza kwenye dumu la lita ishirini lililofungwa nyuma kwenye bodi. Mpira wa kurudisha dizeli inayobaki kwenye injini nao akauingiza kwenye dumu hilohilo. Ukiusahau huo, dumu litakauka huku tangi likijaa. Tukapakia magunia, tukaenda Chamwino, tukapita, tukarudi. Gari halikukohoa hata mara moja.

Basi ugonjwa ulikuwa kwenye tangi. Tulipolishusha tukakuta kipande cha mfuko wa sandarusi, kikubwa kama kiganja, kimekuja na dizeli ya madumu. Injini ikivuta, kinaenda kuziba chujio la ndani ya tangi. Injini ikizima, mvuto unaisha, kinaachia na kuelea zake. Zile dakika kumi ndizo zilizokuwa zinasema kila kitu, mimi sikuzisikiliza. Gharama ya pampu ilikatwa kwenye posho yangu wiki tatu.

Tangu siku hiyo dereva namhoji kabla sijashika spana. Linazima likiwa baridi au likishapata moto? Na mzigo au tupu? Lini mara ya mwisho fundi mwingine amelishika? Hilo la mwisho atakuficha, kwa hiyo angalia boliti: yenye alama mpya za spana inaongea ukweli kuliko yeye.

Weka pia kwenye boksi lako kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Kiunge kati ya filta na pampu, washa, piga resi, tazama. Dizeli ikipita imejaa, sawa. Mapovu yakifululiza, kuna mahali inavuta upepo, na mara nyingi ni mpira uliochanika, kibanio kilicholegea, au ile pampu ya mkono juu ya filta. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na haina gharama.

Stata ikizunguka kivivu, kila mtu atakwambia betri. Pima kwanza. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, inasoma kama volti 12.6. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye nego (hasi) ya betri, nyingine kwenye injini yenyewe, mwambie mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa nego au maungio yake ndiyo mabovu. Kwangua kutu, kaza, jaribu tena. Nimeona mtu akinunua betri mbili kwa waya mmoja uliooza.

Asubuhi za Juni na Julai, hapa kwetu kukiwa na baridi, zitakuja zinazotoa moshi mweupe na kukataa kuwaka. Anza na hita, zile plagi zinazopasha moto ndani ya injini ya dizeli kabla haijawaka. Fungua kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, chukua taa ya testa, klipu iwe kwenye chanya ya betri, ncha iguse hita moja moja. Isiyowasha taa imekufa. Moshi mweusi na nguvu hakuna, fungua filta ya hewa kabla ya chochote. Kwa vumbi letu usishangae ukikuta udongo wa kuotesha mchicha.

Kuchemsha ni somo refu, nitasema moja tu. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na rejeta inayojazwa maji hayo miaka na miaka inaziba kwa magadi. Gusa rejeta injini ikishapoa kiasi: sehemu iliyo baridi wakati jirani yake ina moto, hapo maji hayapiti. Na usimtolee mtu themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, ukidhani umetibu. Umeficha tu ugonjwa.

Gari lililolalamika likiwa na mzigo, lijaribu na mzigo. Omba hata magunia sita, nenda nalo mpaka pale lilipokuwa linazimia, geuza, rudi, halafu ndipo umpigie mwenyewe simu aje na hela.