Kwa wadadisi wapya: kabla hujauliza "kaya hii ina watu wangapi?"

Ukimaliza mafunzo ya kukusanya takwimu za kaya ukakabidhiwa kishikwambi, fulana na kitambulisho, utajiona umeiva. Dodoso umelikariri, maswali ya kuruka unayajua. Kisha gari litakushusha Simanjiro au Longido, na swali la kwanza kabisa, lile mlilolipita haraka darasani, litakukwamisha: kaya hii ina watu wangapi?

Darasani kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kwa nyumba nyingi za Tanga mjini au Dodoma, haina shida. Ndani ya boma la Kimaasai, mume mmoja anaweza kuwa na wake watatu, kila mke na nyumba aliyoijenga mwenyewe, jiko lake, watoto wake na ng'ombe anaowakamua yeye. Mume leo analala huku, kesho kule. Vijana wako mbali na mifugo. Sasa hiyo ni kaya moja au tatu? Ukiandika moja, inatokea familia kubwa yenye mali. Ukiandika tatu, mbili zinageuka kaya zinazoongozwa na wanawake, tena maskini. Watu ni walewale, ng'ombe ni walewale. Baadaye mtu ofisini atachora grafu kutokana na uamuzi ulioufanya umesimama juani, na wanaoisoma watasema sasa wanawafahamu Wamaasai.

Ndiyo maana siamini kwamba kufika ugenini peke yake kunapunguza ujinga. Mtu anaweza kuzunguka wilaya nzima akarudi na dharau ileile aliyoondoka nayo, ila safari hii ana takwimu za kuitetea. Kuhusu kaya, fuata maana iliyo kwenye mwongozo. Usijitungie yako, maana mwenzako wa kata ya pili naye atatunga yake. Lakini andika kwenye sehemu ya maoni jinsi boma lilivyo: nani anakula wapi, nani anakamua nini. Wadadisi wengi huacha sehemu hiyo wazi. Kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Mifugo sasa. Usiulize idadi ya ng'ombe hata maziwa ya chai hayajachemka. Utaambiwa na wenzako kwamba "hawa mila yao hairuhusu kuhesabu", na kuna ukweli ndani yake: wafugaji wengi humjua kila mnyama kwa rangi, pembe na mama yake, na kutaja jumla kwa sauti hawakupendi. Ila mgeni akiona jambo asilolielewa hukimbilia neno mila, halafu anaacha kufikiri. Fikiri na historia. Serikali ya kikoloni ililazimisha kupunguza mifugo Mbulu na Usukumani. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zao zikachomwa. Kodi ya kichwa, iliyokuja kuitwa kodi ya maendeleo, imefutwa 2003 tu. Mzee ambaye maisha yake yote ameona watu wa daftari wakifuatwa na watu wa kuchukua, akisita kukutajia mali yake, hapo mila inaingiaje? Huyo anajua kitu ambacho wewe hujakijua bado.

Tena neno "una" lenyewe linamtatiza. Ndani ya zizi kuna ng'ombe wa shemeji waliowekwa kutunzwa, wengine wake wako kwa rafiki kata ya jirani, na wengine walishaahidiwa mtoto wa kiume. Uliza wanaolala hapa usiku, kisha uliza ni wa akina nani. Utachukua muda mrefu zaidi, lakini utaondoka na jibu.

Umri una mtego wake. Bibi akisema "andika sitini", usiandike tu ukashukuru. Ndiyo sababu takwimu za umri hurundikana kwenye miaka inayoishia na 0 au 5, kana kwamba watu huzaliwa kwa mafungu. Tumia matukio: Uhuru wa 1961, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Wakati huo alikuwa ameolewa? Alikuwa na mtoto mgongoni? Kwa mwanamume wa Kimaasai uliza rika lake, yaani kundi la waliotahiriwa kipindi kimoja. Akikutajia Ilmakaa au Ilkorianga, amekupa umri wa karibu kuliko makadirio yako ya kutazama mvi.

Chunga pia njia yako. Nyumba za karibu na barabara, ziara za kiangazi, na kuongozana na mwenyekiti wa kitongoji mlango hadi mlango, hivyo vitatu vitakuonyesha kijiji kimoja tu kati ya vile vilivyomo humo humo. Mwenyekiti akutambulishe, halafu umwombe kwa adabu abaki kivulini.

Nao wanakudadisi. Wanaangalia kama ulisalimu wazee kwanza, kama umejua "Supai" ni salamu ya kumpa mwanamume na "Takwenya" ya kumpa mwanamke, kama chai umeinywa au umeishika tu. Watakuuliza wewe ni mtu wa wapi, mtoto wa nani, una watoto wangapi na kwa nini hao tu. Jibu. Umekuja kuuliza mambo ya chumbani mwa watu, huwezi kuona aibu kutaja ukoo wako. Wakiuliza majibu haya yatawaletea nini, usiahidi kisima wala chakula cha msaada. Waeleze yanakokwenda, hata kama jibu litawakatisha tamaa.

La mwisho ni 98, namba ambayo madodoso mengi huitumia kwa "sijui". Wasimamizi hawaipendi, na jioni mkikusanyika utaona wenzako wakiziondoa kwa kukisia. Usikisie. Zikizidi kwenye swali moja, huenda swali ndilo lililokosewa na si wanakijiji, na msimamizi akikuhoji mfungulie sehemu ya maoni asome.