Mteja Anayetazama Tu Naye Ahudumiwe

Niliuza nguo kwa miaka sita kabla ya kubadili kazi, na hadi leo nikiingia katika jengo la maduka huwatazama wahudumu kwanza, nguo baadaye. Jumamosi moja nilikwenda kutafuta koti la suti la rangi ya kijivu. Nilipita katika maduka saba kwa muda wa saa tatu, na niliporudi nyumbani huzuni ilikuwa imeuzidi uchovu, kwa sababu katika mengi ya maduka hayo sikukuta mtu anayejua namna ya kumpokea mteja ambaye bado hajaamua.

Duka la pili ndilo lililoniuma zaidi. Nilisalimu, nikaitikiwa kwa kichwa, kisha msichana mmoja akaanza kunifuata hatua mbili nyuma yangu. Kila shati nililoligusa na kuliacha, yeye alilinyoosha papo hapo. Nilipogeuza lebo ili nisome bei, alisogea aone ninasoma nini. Na nilipofika kwenye makoti aliniambia, kabla sijauliza neno, kwamba hayo ni ya bei ya juu na kwamba yenye punguzo yamepangwa kule nyuma. Hakusema kwa ukali, hata sauti yake ilikuwa ya upole. Hata hivyo alikuwa ameupima mfuko wangu kwa kuangalia viatu, na jambo hilo mteja hulihisi mara moja hata lisipotamkwa. Nilitoka bila kujaribu chochote, ingawa koti nililokuwa nimelishika lilikuwa zuri na nilikuwa na fedha za kulilipia.

Simlaumu msichana yule peke yake. Mhudumu anayekufuata hivyo mara nyingi ametumwa na msimamizi wake, ama awe macho na wizi, ama atimize kiwango cha mauzo alichopangiwa. Na pale ujira unapotegemea kamisheni, kila anayeingia mlangoni huonekana kama riziki inayoweza kunyakuliwa na mwenzake. Yule asiyekuona kabisa naye ana sababu yake: amepewa maboksi ya nguo mpya ayafungue, abandike bei na kuzipanga, na jioni ataulizwa habari za maboksi, hataulizwa habari zako. Nayaeleza haya kwa sababu ukijua kasoro inatoka wapi utajua pia useme nini, na umwambie nani.

Haki ya kuingia dukani na kutazama bila kununua ilipiganiwa na wafanyabiashara wenyewe. Aristide Boucicaut, aliyeingia katika ubia wa duka la Le Bon Marché jijini Paris mwaka 1852, ni miongoni mwa walioeneza utaratibu wa watu kuingia bila kulazimika kununua, bei kuandikwa wazi, na bidhaa isiyomridhisha mnunuzi kurudishwa. Harry Gordon Selfridge alipofungua duka lake London mwaka 1909, aliziweka bidhaa mahali ambapo mteja angeweza kuzishika badala ya kuzifungia nyuma ya kaunta. Naye Victor Gruen, msanifu wa Southdale, jengo la maduka lililofunguliwa karibu na Minneapolis, Marekani, mwaka 1956 na kuwa kielelezo cha mengi yaliyofuata, alikusudia watu wapate mahali pa kutembea na kukutana, si pa kununulia tu. Kwa hiyo mhudumu anayemkunjia uso mtu anayezunguka tu anaipinga misingi ya biashara iliyomwajiri.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukishasalimu, taja shida yako mapema na uiwekee mpaka. Mimi husema, "Asante dada, ninatafuta koti la kijivu la kuvaa kazini, naomba nitazame kwa dakika kumi, nikikwama nitakuita." Maneno hayo humtoa mhudumu katika wajibu wa kukufuata, kwa kuwa sasa ana jambo la kumjibu msimamizi wake, na humpa pia kazi ya kweli ya kufikiria wakati wewe unazunguka. Ukisema "naangalia tu" na kuishia hapo, unamwacha bila la kufanya. Nilipokuwa muuzaji, wateja walioniambia wanachotafuta ndio niliowakumbuka mzigo mpya ulipofika.

Ukiachwa bila kuhudumiwa, usisimame ukingoja huku hasira ikipanda. Mwendee mhudumu na umuulize swali linalohitaji ujuzi: je, kitambaa hiki kitarudi kikifuliwa kwa maji ya moto? Je, suruali hii ina upindo wa kutosha kuongezwa urefu? Muuzaji anayeijua kazi yake hufurahi kuulizwa hivyo, na asiyejua atakwenda kumwita anayejua. Asipofanya hata hilo, basi umeshapata jibu kuhusu duka lenyewe.

Lakini usitegemee mdomo wa muuzaji kwa kila kitu, hata awe mwema namna gani. Igeuze nguo ndani nje, uutazame mshono: nyuzi zisiwe zinaning'inia, na kama kitambaa kina mistari, mistari ikutane pale vipande viwili vinapoungana. Finya sehemu ndogo ya kitambaa ndani ya ngumi kwa muda mfupi kisha uiachie. Jinsi itakavyokunjamana ndivyo itakavyokuwa ukikaa nayo kitini kutwa. Soma lebo ya ndani, kwa maana alama zake ni chache na hujifunzwa kwa siku moja: beseni ni kufua, pembetatu ni dawa ya kung'arisha, mraba ni kukausha, pasi ni pasi, na duara ni usafishaji wa kitaalamu, na alama iliyopigwa mkasi, yaani yenye X juu yake, inakataza. Nimeona watu wengi wakinunua koti lenye beseni lililopigwa mkasi, wakaliosha nyumbani, kisha wakalirudisha dukani wakiwa na uchungu wa haki kabisa, kwani hakuna mhudumu aliyewaonya.

Katika chumba cha kujaribia, usiridhike kusimama wima mbele ya kioo. Keti, inama, inua mikono kama unayetoa kitu rafuni, funga vifungo vyote. Saizi isikukoseshe raha, kwa sababu hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote duniani wanalazimika kukifuata, na namba ileile inaweza kukubana katika duka moja na kukupwaya katika jingine. Tena usijilinganishe na sanamu ya dirishani. Nimezivalisha sanamu hizo mara nyingi, na mgongoni mwao tulikuwa tukikaza nguo kwa pini ili ikae vizuri kwa mbele.

Kabla ya kulipa, uliza masharti ya kurudisha, na uombe kuonyeshwa mahali yalipoandikwa. Watu wengi huamini kwamba kubadili mawazo ni haki yao popote, na huko ni kuchanganya mambo mawili. Nguo yenye kasoro ni jambo moja. Nguo nzima ambayo hukuipenda tena ulipofika nyumbani ni jambo jingine, na hilo la pili kwa kawaida hutegemea utaratibu wa duka. Hata katika Umoja wa Ulaya, ambako aliyeagiza nguo kwa intaneti hupewa siku 14 za kughairi, kanuni hiyo haimhusu aliyekwenda dukani mwenyewe akaijaribu na kuilipia. Tunza risiti, na lebo ya bei usiikate mpaka uwe na hakika.

Sisi wateja nasi tuna letu la kurekebisha. Tusimwage nguo sakafuni katika chumba cha kujaribia, tusivae shati jeupe kwa kulipitisha juu ya midomo yenye rangi, na tusizungumze na simu huku mtu amesimama mbele yetu akitusubiri.

Koti langu nililipata katika duka la sita, ingawa si siku hiyo. Mhudumu wa pale, mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, aliniacha nizunguke, akaja nilipomwita, akanivalisha koti, kisha akaweka vidole viwili pale mshono wa bega unapoanzia mkono. "Mwanangu, hili limeshuka," alisema, "fundi atakupunguzia mikono na kiuno, lakini bega hutalipata tena. Njoo wiki ijayo, mzigo utakuwa umefika." Angeweza kuniuzia lile, nami ningelichukua, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kioo kilikuwa kimenidanganya. Nilirudi wiki iliyofuata, nikanunua koti pamoja na mashati mawili ambayo sikuwa nimeyapanga.

Kabla ya kuondoka siku hiyo nilimwomba msimamizi wake karatasi, nikaandika jina la mama yule, siku niliyohudumiwa na maneno aliyoniambia kuhusu bega. Malalamiko nayo huyaandika vivyo hivyo, kwa saa, tukio na maneno yaliyosemwa, wala siandiki kwamba huduma ni mbovu nikaishia hapo, kwa sababu msimamizi hawezi kurekebisha neno "mbovu". Sifa, hata hivyo, ndizo zinazosahaulika. Katika miaka yangu sita nilisifiwa kwa maandishi mara moja tu, na mteja niliyemtafutia gauni la harusi ya bintiye. Karatasi ile ilibandikwa ukutani katika chumba cha wafanyakazi, juu ya birika, na siku niliyoacha kazi niliibandua taratibu, nikaondoka nayo.