Mfululizo Huchaguliwa Kuanzia Juzuu ya Mwisho

Mhariri, assalaam alaykum. Swali lenu la wiki liliuliza hivi: msomaji aliyeko Unguja au Pemba, akishamaliza mfululizo wa riwaya za fantasia au za kisayansi alioupenda, ataupataje mwingine? Jibu langu ni kwamba aanzie mwisho. Kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, ahakikishe kwamba juzuu ya mwisho imeshaandikwa, na kwamba atapata njia ya kuifikia akiwa hapa visiwani. Wengi hufuata sifa za kitabu cha kwanza, wakakipenda, kisha wakakwama katikati ya hadithi. Nimeona wasomaji hodari wakiiacha fani hii kabisa kwa kukwama huko, na inaniuma, kwa sababu ni jambo linaloepukika.

Mfano ulio wazi ni George R. R. Martin. Mfululizo wake mkubwa ulianza 1996, kitabu cha tano kikatoka 2011, na wasomaji wanangoja cha sita tangu hapo. Patrick Rothfuss alitoa cha kwanza 2007 na cha pili 2011, cha tatu kikawa cha kungojewa. Octavia Butler alifariki 2006 akiwa ameacha vitabu viwili vya mfululizo wake wa mwisho bila cha tatu alichokuwa amekikusudia. Lakini kufariki kwa mwandishi si lazima kuwe mwisho wa hadithi: Robert Jordan alifariki 2007, na Brandon Sanderson akaukamilisha mfululizo wake kwa kutumia maandishi aliyoyaacha, ukafika juzuu 14 mwaka 2013. Kwa hiyo usikisie. Ingia kwenye kanzidata iitwayo Internet Speculative Fiction Database, ambayo ni bure na kurasa zake ni nyepesi hata kwa simu yenye mtandao dhaifu. Andika jina la mwandishi, shuka hadi sehemu ya mifululizo, na utaona vitabu vimepangwa kwa zamu yake, kila kimoja na mwaka wake. Isome miaka hiyo kwa makini. Vitabu vikifuatana kila mwaka au kila miaka miwili kisha pakawa kimya cha miaka minane, na hadithi haijafungwa, utafute mwingine.

Hapo hapo uangalie ni mfululizo wa aina gani, maana si yote inayosomwa kwa namna moja. Upo ule ambao ni hadithi moja iliyokatwa vipande. Trilojia, yaani vitabu vitatu, ya N. K. Jemisin ya 2015 hadi 2017 iko hivyo, na mwenye kuanzia juzuu ya pili hataelewa kitu. Upo ule ambao dunia ni moja lakini kila kitabu kinajitosheleza. Terry Pratchett aliandika 41 vya Discworld, na hakuna ulazima wa kuanza na cha kwanza. Wengi wanaomjua vizuri humwelekeza mgeni kwenye Mort cha 1987 au Guards! Guards! cha 1989, kwa sababu vile viwili vya mwanzo bado mwandishi alikuwa akiitafuta sauti yake. Halafu upo ule uliokamilika, kisha mwandishi akaurudia baada ya miaka mingi. Isaac Asimov alitoa vitabu vitatu vya Foundation 1951, 1952 na 1953, akaviongezea vingine kuanzia 1982. Ukivisoma vile vitatu ukaishia hapo, umesoma kitu kizima. Vya nyuma, vinavyoeleza yaliyotangulia, vilitoka 1988 na 1993, na vimeandikwa kwa mtu ambaye siri za mwanzo ameshazijua. Ndiyo maana usomaji wa mara ya kwanza ufuate mwaka wa kutoka kitabu, hata kama jalada limechapwa namba nyingine.

Sasa, utajuaje utafute nini? Hapa ndipo penye kazi hasa. Usijiulize ni kitabu gani kinafanana na kile ulichomaliza. Jiulize ni kitu gani ndani yake kilikushika. Chukua Dune ya Frank Herbert, ya 1965. Wasomaji watatu wanaweza kuipenda kwa sababu tatu zisizokutana. Mmoja alishikwa na elimu ya mazingira: jangwa, uhaba wa maji, jinsi sayari inavyoweza kugeuzwa kidogo kidogo. Huyo aende kwa Kim Stanley Robinson na vitabu vyake vitatu vya Mirihi, 1992 hadi 1996. Wa pili alipenda fitina za ikulu, koo na dini. Huyo atafurahi na trilojia ya Daevabad ya S. A. Chakraborty, 2017 hadi 2020, ambayo majini wake si wageni kwa mtu aliyelelewa na hadithi zetu. Wa tatu alivutwa na dola kubwa inayoporomoka, na Asimov niliyemtaja ndiye wake. Andika sentensi mbili tatu juu ya kilichokushika na uzitumie kutafutia. Ushauri wa maduka ya mtandaoni, ule wa kwamba ukipenda hiki utapenda na kile, unafuata walichonunua wengine, na mara nyingi unachanganya hawa watatu.

Tuzo zinasaidia, ila soma orodha ya walioteuliwa, usiishie kwa mshindi. Tuzo ya Hugo ya fani hii, iliyoanza 1953, ina kipengele cha mfululizo bora, kilichofanywa cha kudumu kuanzia 2018, na sharti lake ni kwamba kazi iwe na sehemu tatu au zaidi na jumla ya maneno 240,000 au zaidi. Orodha hiyo basi imekuchujia tayari ile iliyoanza jana. Kwa kazi za Waafrika kuna tuzo ya Nommo, iliyoanza kutolewa 2017. Mshindi wa riwaya mwaka huo alikuwa Tade Thompson kwa Rosewater, na trilojia yake ikakamilika 2019. Ukisoma maoni ya wasomaji, nenda kwenye yale ya nyota tatu. Ya nyota tano husifu tu, ya nyota moja hutukana. Ya katikati ndiyo hukwambia kwamba juzuu ya pili inajikokota, au kwamba mwisho umeharakishwa.

Kisha kijaribu. Maduka ya vitabu vya kielektroniki hutoa sehemu ya mwanzo bure. Usikate tamaa kwa sababu ya majina mageni ya kurasa za mwanzo, kwani fani hii huomba subira hapo kuliko nyingine. Jemisin anakuanza kwa kumsemesha mhusika mmoja "wewe", na ana faharasa ya istilahi mwishoni mwa kitabu ambayo wengi huigundua wakishamaliza. Fungua mwisho wa kitabu kwanza uone kama ipo. Ukifika ukurasa wa 60 hujajua mhusika anataka nini na nini kinamzuia, kiache. Na kama Kiingereza chako bado kinakuchosha, anza na vifupi: Binti ya Nnedi Okorafor, ya 2015, haifiki kurasa 100, inamhusu msichana wa Kihimba (kabila la Namibia) anayetoroka kwao kwenda kusoma chuo kikuu angani, na sehemu zake tatu zimekusanywa pia katika kitabu kimoja. Nunua hicho kimoja.

Kuhusu kuvipata. Rafu za nyumba za wageni za Nungwi, Paje, Jambiani na Mji Mkongwe zimejaa riwaya walizoacha watalii, na nyingi ni za fani hii. Tatizo ni kwamba msafiri huacha juzuu aliyoimaliza na kuondoka na inayofuata, kwa hiyo hapo hukutana na vipande. Tazama namba kwenye uti wa kitabu, kisha ukurasa ule wa mbele wenye orodha ya vitabu vingine vya mwandishi, na uhakikishe lugha kabla ya kulipa, kwani Kijerumani na Kitaliano ni vingi. Jihadhari pia na vichwa vinavyobadilika. Kitabu cha kwanza cha trilojia ya Philip Pullman kinaitwa Northern Lights Uingereza na The Golden Compass Marekani, na mtu hukinunua mara mbili akidhani ni viwili. Maktaba Kuu ya Maisara uliza kwa jina la mwandishi, usiulizie rafu ya fantasia. Mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, hauna rafu hiyo: riwaya za Waingereza ziko 823, za Wamarekani 813.

Asiye na fedha asione mlango umefungwa. Project Gutenberg inatoa bure vitabu vilivyotoka kwenye hakimiliki, na faili la epub (la kitabu cha kielektroniki) lisilo na picha kwa kawaida halifiki MB 1. Jules Verne yumo, na kwetu ana jambo la pekee: katika kitabu cha kwanza cha safari zake za ajabu, Five Weeks in a Balloon cha 1863, puto linaruka kutoka Zanzibar. Kisome ukijua kwamba Waafrika wamechorwa humo kwa dharau ya karne ile. Kwa kile cha nyambizi, Twenty Thousand Leagues cha 1870, chagua tafsiri ya F. P. Walter, kwani ile kongwe ya Mercier Lewis imekata sehemu kubwa na kukosea hesabu za kisayansi, na wengi wamemhukumu Verne kwa makosa ya mfasiri.

Kwa Kiswahili mifululizo mirefu ya namna hii ni michache, lakini haifai kupitwa. Alfu Lela Ulela ipo kwa juzuu. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, 1990, isomwe kabla ya Mzingile, 1991. Ni ngumu, na zote mbili ni nyembamba, kwa hiyo zisome mara mbili. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, inampeleka aliyehukumiwa kifo hadi dunia nyingine kwa chombo cha angani. Babu Alipofufuka, 2001, ni ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, na ningemshauri mpenzi wa fantasia aanze na huyo. Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla kisikudanganye kwa jina hilo la makao ya wachawi: ni upelelezi wa Bwana Msa, mfululizo mzuri sana, ila ukitafuta wachawi utaambulia patupu.

Trilojia ya kuagiza Dar ni ghali kwa mtu mmoja. Wakusanyike watatu, kila mmoja alipie juzuu moja, na ziagizwe zote kwa mara moja kwa boti, maana chapa hubadilika na juzuu ya tatu huenda isipatikane tena mwakani. Juzuu ya kwanza apewe anayesoma haraka kuliko wote.